Maji Kwenye Chupa ya Sabuni

Enzi zetu, ukitumwa dukani ukasahau chupa, ulirudi nyumbani mbio, na huko ulimkuta mama. Mliokulia kule kwetu bara mnanielewa. Chupa ya mafuta taa ilifungwa kamba shingoni isije ikachanganywa na ya mafuta ya kupikia, na ole wako uchanganye, chapati za Krismasi zinuke taa. Mwenye duka alipima kwa mkebe, akamimina kwa faneli, akangoja tone la mwisho. Tulingoja naye. Sabuni tulinunua kipande, na kikibaki chembamba kama ukucha, mama alikibandika juu ya kipya. "Chupa ina kosa gani hata uitupe?" alikuwa akituuliza. Jumamosi tulibeba sufuria mtoni tukazisugua kwa jivu na mchanga, tukishindana ya nani itang'aa mpaka ajione meno. Watoto wa siku hizi ukiwapa jivu watakuuliza ni la ndimu ama la waridi.

Mkono uliofunzwa hivyo hausahau. Hapa Mirdif, huku Uarabuni, kwenye nyumba ninayofanyia kazi, sabuni ya vyombo ikikaribia kuisha natia maji kidogo, natikisa, naosha vyombo vya siku nzima. Mwaka jana madam alinikuta nikitikisa. Akaninyang'anya chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza sabuni yake nimempelekea nani. Nikamweleza. "Khalas, basi, Grace, usinidanganye," akasema, kisha akaniamuru nifungue begi langu pale pale koridoni, nguo zangu za ndani zikamwagwa sakafuni dereva wao akiona. Hakupata kitu. Chupa akaitupa kwenye taka, sabuni ikiwa bado ndani.

Tangu siku hiyo nikawa mwizi, mimi ninayeamka kabla ya adhana kuwaandalia watoto wake chakula cha shule. Akitoka, anahesabu taulo. Wageni wakija, nasikia wakiambiwa wachunge mikoba. Nililia, lakini kwa hasira.

Sasa sikilizeni. Juzi madam karudi na kipakiti cha sabuni nzito, ile ya kuzimua. Akaniita jikoni, akawaita na watoto waje waone. Akakata pakiti, akamimina kidogo kwenye chupa kuukuu, akajaza maji, akatikisa.

"Jifunze, Grace," akasema. "Hatutupi chupa tena, plastiki inaharibu dunia. Najua kwenu hamjazoea mambo haya."

Hatujazoea. Sisi tuliozeesha chupa moja mpaka maandishi yakafutika.

Nikamwuliza polepole, "Madam, kwa hiyo mwaka jana sikuiba?"

Akaitazama chupa. Akawatazama watoto. "Yalla, haya, Grace, angalia wali usiungue."

Wali ulikuwa haujawekwa hata motoni.

Mnaolingana nami mnakumbuka. Enzi zile mtu mzima akikusingizia wizi, hata kama wewe ni mtoto wa darasa la pili, ukweli ukijulikana alikuja kwenu jioni na sukari iliyofungwa kwenye gazeti, akaketi, akakuomba radhi kwa jina lako mama akisikia. Mimi, mama wa watoto watatu, nimefundishwa kutia maji kwenye sabuni, nikangojewa niseme asante.