Praygod Karudi Mwika

Wifi yangu Aikande ana huruma ya kukera. Ng'ombe wa jirani akiingia kihambani mwake, kwenye migomba yake, humkatia majani kwanza, ndipo aulize ni wa nani. Mtu wa namna hiyo alijaliwa mtoto mmoja tu, Praygod, na Praygod akaangukia kwenye unga wa kulevya.

Tulihangaika naye sana. Hospitalini walituambia dawa ya kunywa ipo, ila lazima ainywe kila siku mbele ya nesi. Kutoka huku Mwika kila asubuhi isingewezekana, tukampangia chumba mjini. Kumbe muuzaji wa unga naye amepanga mtaa huohuo! Kijana alirudi mifupa mitupu. Tukaanza kutafuta soba, zile nyumba wanakolazwa wanaume mpaka waachane na unga. Ya kwanza ilikuwa imejaa. Ya pili tulikuta imeshageuzwa duka la vipuri vya pikipiki, na Aikande akalia palepale mbele ya mafundi.

Ya tatu ilikuwa Njoro. Msimamizi wake, Valerian, aliwahi kuwa teja mwenyewe, kwa hiyo hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Akitoroka, mama, msimpokee," alimwambia Aikande. "Fungeni mlango. Akikosa pa kulala atarudi kwangu. Mkimpokea, unga utamfuata hukohuko, na safari hii utammaliza."

Aikande akaitikia kwa kichwa, tukamwacha kijana pale. Mimi sikumwamini wifi hata kidogo, nikaapa kwamba siku hiyo ikifika nitasimama naye mlangoni.

Ikafika kabla ya Kwaresima kuisha. Tulikuwa barazani tunamenya ndizi, mvua inanyesha, tukamwona Praygod akiingia uani.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

Hatukuitikia. Jamani, kunyima marahaba mtoto uliyemnawisha uso! Nikampigia Valerian.

"Mwambieni nafasi yake ipo," akasema. "Aje leo."

"Sirudi kule," Praygod akasema nilipomwambia.

Akageuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, akachuma majani ya isale. Akalifunga moja fundo, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamnyooshea. Sisi ni Walutheri wa kwaya na maombi, lakini kwa mila yetu anayeletewa isale husamehe. Babu zetu walilipokea kutoka kwa watu waliomwaga damu ya ndugu zao. Sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu aliyelikataa.

"Wifi, nifanyeje?" Aikande aliniuliza.

"Ingia ndani ufunge mlango!"

Alilipokea kwa mikono miwili.

"Unamuua!" nilimpigia kelele.

"Najua," akasema. "Najua, wifi. Sasa ningelikataaje?"

Nilimkasirikia mpaka nikatamani kumpiga. Nikaliinua lile beseni la ndizi, nikalirudisha chini, maana halikuwa na kosa. Praygod naye akajikokota kwa magoti kwenye tope mpaka miguuni pangu. Alikuwa na jani la pili.

"Shangazi," akasema, "na wewe."

Mkono mmoja ulikuwa na simu. Huo mwingine niliuficha ndani ya khanga, nikaubana hasa. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na hakuondoka.

Nikautoa, nikalipokea.

"Shangazi?" Valerian alikuwa bado yuko hewani. "Shangazi, mmefunga mlango?"

Nikakata simu.