Mkwe wa Muyinga Asiyecheka

Namshukuru Mungu kwa uzee wangu, ila juzi ulimi uliniponza, na bado naomba toba. Hapa Gitega nilikuwa msemaji wetu siku ya mahari ya mjukuu wangu, na msemaji hutania mpaka wakwe wacheke. Baba wa kijana anayemuoa, kutoka Muyinga, alibaki na uso mkavu. Nikamuuliza kama amefurahi, kimya. Nikaona ni dharau.

"Mzee, kama hututaki, rudi na kijana wako!"

Mjukuu wangu akaanza kulia. Binti wa yule mzee akainuka.

"Babu, baba iko na Parkinson. Mi nafanya utafiti wa ugonjwa huo. Unagandisha uso, unachelewesha jibu. Umsubiri tu."

Ndipo jibu la yule mzee likafika, polepole:

"Mkwe... nilikuwa nacheka."