Maji ya Newala

Nilifunga safari ya Newala kwa sababu mke wangu Zuhura alikuwa hawezi tena kulala ubavu. Tangu masika yaanze alilala ameketi, mgongo ameuegemeza kwenye mito, pumu ikimkoroma kifuani, nami kando yake nikimwomba Mungu asinichukulie mwenzangu. Dresa wa hospitali, mtu wa maneno machache niliyemshonea kanzu zake, aliniambia, "Fundi, hapa Lindi joto na unyevu vinamkaba. Mpandishe juu akapumue."

Juu tulikokujua ni kwa Mama Agnesi tu, mjane wa Kimakonde aliyekuwa akifikia nyumbani kwetu kila alipoleta ufuta wake kuuza. Siku zote alituambia, "Njooni kwetu mlale na blanketi." Sisi tulimcheka. Blanketi, mtu wa Lindi, la nini?

Alfajiri tuliondoka kwa lori. Zuhura alikaa mbele karibu na dereva, mimi juu ya magunia ya chumvi kama sultani asiye na nchi. Tulipopita Mingoyo minazi ikaanza kutuaga. Kutoka Ndanda ukuta wa mlima ulitufuata mkono wa kushoto, wa kijani kilichofifia, na kwa usingizi niliokuwa nao nikadhani ni wingu lililokaa chini kupumzika. Tulilala Masasi, chini ya majabali yake makubwa.

Siku ya pili lori lilipanda kwa kunung'unika, kona baada ya kona, mpaka upepo ukabadilika. Ulikuwa mwepesi, wa baridi, una harufu ya majani. Zuhura alitoa kichwa dirishani, akafumba macho. Niliogopa kumwita, nisimwamshe kama anaota.

Jioni tuliingia Newala, mji mdogo wa boma, maduka machache ya bati na ukungu unaotembea njiani kama mwenyeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Poleni na njia." Mama Agnesi alituwekea debe la maji uani, na mtungi kando yake. "Ogeni, mtoe vumbi."

Tukaoga kwelikweli, kama watu wa pwani. Nikatawadha bila haraka, nikaosha miguu, nikaisuuza hata kanzu yangu, na yaliyobaki nikayamwaga kwenye shina la mpapai. Mama Agnesi alitutazama, akatabasamu, akaenda kupika.

Asubuhi nilizinduka kwa hofu. Chumba kilikuwa kimya mno. Nikamwekea Zuhura kiganja puani, nikaikuta pumzi yake, ndogo, ya moto, isiyo na mlio. Alikuwa amelala ubavu, blanketi mpaka masikioni. Nikatoka nje nikalia kidogo peke yangu.

Kisha nikaenda ukingoni, mahali wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla. Bonde lote hadi Ruvuma lilikuwa limejaa ukungu mweupe. Nikasimama nikihisi siko duniani. Mara wakaanza kutoka ndani ya ukungu ule wanawake, mmoja mmoja, mitungi kichwani, wakipanda polepole. Nikajisemea, loo, uzuri ulioje!

Wa tatu alikuwa Mama Agnesi. Shingo imesimama, magoti yanatetemeka.

"Mama! Unatoka wapi?"

"Majini."

Mwenzake aliyemfuata akacheka. "Huko chini kabisa, fundi. Huku juu hatuna kisima."

"Na yale ya jana?"

Mama Agnesi akatua mtungi, akajifuta uso. "Yalikuwa yetu mpaka keshokutwa."

Nilitamani ardhi inimeze, na kwa pale ilikuwa karibu. "Mbona hukuniambia?"

"Kwenu nilioga ndoo mbili, mkaniuliza kama nataka ya tatu. Ningekuambia nini?"

Nikasema basi, tutaondoka na lori la kwanza, tusimwongezee mzigo. Hapo alikasirika. "Mkeo amelala ubavu, nimechungulia nikamwona. Unamrudisha akalale ameketi?"

Kesho yake nikachukua debe nikashuka na wanawake. Huko mwanamume habebi maji, na nilitaniwa njia nzima. "Tazameni, fundi anashona mlima!" Siku ya kwanza nilifika na nusu debe, nusu nyingine ikiwa kwenye shati. Baadaye wakanionyesha kutandaza majani juu ya maji yasiruke. Nikajifunza pia kutawadha kwa kata moja, na ikatosha. Dini yenyewe inakataza israfu. Tangu utoto nilifundishwa, lakini nikiwa kando ya kisima kilichojaa sikuwahi kusikia.

Wiki ya nne, siku moja kabla ya kuondoka, Zuhura alichukua kibuyu akafuatana na wenzake. Nilimkataza, hakunisikiliza. Nilimngoja pale ukingoni. Kwanza nikasikia kicheko chake chini ukunguni, na hakikufuatwa na kikohozi. Kisha akatokea, jasho linamtiririka, anahema kama anavyohema mtu yeyote aliyepanda mlima.

Alitua kibuyu. "Bwana, mimi sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Lindi. Naipenda, nawe wajua. Lakini kule nakufa."

Nilikasirika sana. Nyumba ile aliijenga baba yangu. Wateja wangu wako kule, na makaburi ya wazee wangu. Tukashinda siku nzima hatusemezani, na Mama Agnesi akipita katikati yetu na sahani kana kwamba haoni kitu.

Nilirudi peke yangu. Mingoyo joto likanipokea usoni kama kitambaa kibichi, harufu ya bahari ikanijaa kifua, nikafurahi karibu nilie. Nikavuta pumzi kwa nguvu, nikavuta tena, na ndipo nilipoelewa: hewa hii ninayoipenda hivi, kwake ni mkono kooni. Nilikuwa nimeifanya Newala chupa ya dawa, unakunywa kisha unarudi kwako. Kumbe kwako ni pale mtu wako anapolala usingizi.

Jirani yetu Bi Mwanaidi alinikuta mlangoni, akatazama nyuma yangu, akashika kifua. "Zuhura yuko wapi? Usiniambie..."

"Mzima. Analala ubavu."

"Alhamdulillahi! Sasa umemwacha huko, wewe umerudi?"

"Sijarudi, Bi Mwanaidi," nikasema. "Nimekuja kuaga."