Mfungo wa Siku Tatu

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupandisha malori yao hadi mashambani kwetu. Nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja juu ya Usa River. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alianza kuumwa kichwa na kutapika, kisha akawa anaanguka kifafa. Dawa za hospitali hazikusaidia.

Kikundi cha maombi kikaamua tufunge siku tatu bila chakula. Aliyesema mgonjwa naye afunge ni mimi. Watu wakaitika amina.

Siku ya pili jioni akaniambia, "Baba, miguu imeisha nguvu. Niruhusu hata uji."

"Vumilia, mwanangu. Ukinywa sasa utaturudisha wote nyuma."

Mama yake alikuwa tayari ameshika kikombe. Nilikiondoa mkononi mwake.

Asubuhi ya tatu alianguka, na safari hii kifafa hakikuisha upesi. Alipozinduka hakuweza kutaja jina lake. Hakulitaja tena.

Tulimpeleka kwa daktari aliyekuwa akichunguza magonjwa ya ubongo. Alikata kipande cha msuli wa paja, kikapelekwa nje ya nchi. Miezi ikapita, ndipo akatuita.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Mke wangu hakuitikia. "Mama hasikii tangu lini?"

"Tangu ujana," nikasema. "Nyumbani tunamtania kwamba husikia ugomvi tu."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba ndani ya chembe za mwili kuna vitu vidogo sana, mitokondria, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na mtoto huvirithi kwa mama. Vya binti yetu vilikuwa na hitilafu. Vya mama yake pia, kwa kiasi, ndiyo maana ya masikio yale. Ubongo unakula nguvu nyingi, kwa hiyo huumia mapema. Tiba bado wanaitafuta.

"Ila mgonjwa kama huyu asikae na njaa. Kabla ya kuanguka siku ile, alikuwa anakula?"

Mke wangu alikuwa akifuata midomo ya daktari. Kisha akanisoma usoni.

"Alifunga," akasema kwa sauti kubwa, hadi watu wa kwenye benchi nje wakageuka. "Huyu alimnyima uji."

Jumapili nilisimama kanisani nikaeleza yote, na kosa langu nikalitaja kuwa langu. Baada ya ibada mwenyekiti wa kikundi alinishika bega.

"Usijitese, mzee. Kumbe limetoka kwa mama! Ukoo ule tuliusema tangu mnaoana."

Katika maneno yote ya daktari, hilo ndilo walilolibeba nyumbani.

Namshukuru Mungu kwa mengi. Kwa hilo bado sijaweza.

Binti yetu hakufika masika ya pili. Msibani wanawake wa kikundi walipika, wakahudumia kila mtu, lakini kwenye mkeka wa mama mfiwa hakuketi hata mmoja. Niliwaacha wanaume wenzangu uani, nikaingia ndani. Mke wangu alisogea kidogo kunipa nafasi, bila kunitazama.