Jinsi tulivyoiacha dawa nyekundu ya kuchovyea vyuma, karakana ya Kamunyonge, Musoma

Wakuu, nawasalimu kutoka Musoma. Leo mvua imenifungia ndani, nimeona niwaandikie jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Nilichokisahau nitasema nimekisahau.

Majina nimebadilisha. Mimi niiteni Nyabise.

Ni miaka ya themanini, ile ya mwanzo. Wa rika langu mnaikumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, nguo kwa kujuana. Nilikuwa nimemaliza form four, nikapata kazi karakana moja ya ushirika hapa Kamunyonge. Tulikuwaga tunatengeneza matoroli, fremu za madirisha ya chuma, majembe ya kukokotwa na ng'ombe na vitanda vya zahanati.

Mimi niliwekwa chumba cha kuchovya.

Kwa wasiojua, chuma hakipakwi rangi hivi hivi tu. Kwanza unakitoa kutu kwa tindikali, unakiosha, halafu unakichovya kwenye dawa ya kukilinda, kikikauka ndipo rangi. Ukiruka ile dawa, kutu inatembea chini ya rangi kama mchwa, na mteja anarudi na toroli lake kukutukana.

Dawa yetu ilikuja kwenye pipa, chenga nyekundu nyekundu kutoka ng'ambo. Ukizitia kwenye maji, yanageuka rangi ya chungwa nzuri kabisa. Sisi tuliiita tu dawa nyekundu. Hakuna aliyetuambia zaidi ya hapo.

Glovu zilikuwepo mwanzoni. Zilipotoboka hazikuja zingine.

Mwenzangu wa chumba kile alikuwa mzee Masatu, mtu wa Kibara, mtoto wa wavuvi. Alinitangulia kazini miaka mingi. Mzee mcheshi sana, na alikuwa na kituko chake: pua yake ilikuwaga inapiga mluzi. Akivuta pumzi kwa nguvu, fiii! Mafundi wa upande wa kuchomelea walikuwa wanamwomba apige, wanacheka mpaka wanakaa chini. Mimi pia nilicheka, sitaficha.

Baada ya muda mikono yangu ikaanza kutoka vidonda. Vidogo, vya duara, kama mtu amekuchoma na msumari wa moto. Haviumi sana, ila haviponi. Kila ukijikwaruza, kinazaliwa kingine. Asubuhi nikipenga kamasi, damu.

Nilimwonyesha Masatu. Akanionyesha mikono yake, imejaa makovu ya namna ile ile.

"Ndiyo kazi, mwanangu," akasema. "Utazoea."

Sikuzoea. Siku moja nikasikia hospitali ya misheni kuna daktari wa pua na masikio amekuja kwa wiki moja. Nikaomba ruhusa, nikamburuta na Masatu. Alikuwa hataki, anasema pua yake ni nzima, haijawahi kumuuma.

Daktari alikuwa Mtanzania mwenzetu, kijana mpole. Akachukua kitochi chembamba, akamulika tundu la kushoto la Masatu. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kulia. Wakuu, niliuona ule mwanga unatokea upande wangu.

Ukuta wa katikati ya pua ulikuwa na tobo.

"Mzee, unafanya kazi gani?" daktari akauliza.

Masatu akaeleza. Daktari akaniangalia mikono, akaguna. Akatuambia ile dawa inaitwa kromiamu, na ziko aina zaidi ya moja. Hii ya kwetu ni ya valensi sita, Wazungu wanaiita hexavalent, na ndiyo mbaya. Inakula ngozi, inakula pua, na ukivuta mvuke wake miaka mingi inaweza kukuletea saratani ya mapafu.

"Tobo litaziba?" Masatu akauliza.

"Hapana mzee. Ila tunaweza kuzuia lisikue. Na huyu dada bado yuko salama, akitoka mapema."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na karakana Masatu akasimama akasema, "Kumbe walikuwa wanacheka ugonjwa." Basi.

Nikaenda kwa fomani wetu, mzee Wambura, mtu wa Butiama. Mkali, lakini hakuwa mtu wa kuonea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia Nyabise," akasema. "Sasa niambie wewe, niweke nini badala yake? Hiyo dawa ndiyo inashika rangi. Nikiiondoa tunauza kutu. Tukiuza kutu tunafunga karakana."

Nikarudi kuchovya, mikono nimefunga mifuko ya nailoni na kamba ya mpira. Mnishangae mnavyotaka, lakini kazi miaka ile ukiiacha hupati nyingine.

Kilichotuokoa ni dhiki yenyewe.

Pipa likakaribia kuisha. Wambura akaandika barua, akapiga simu, akaenda mpaka Mwanza. Majibu ni yale yale: hakuna fedha za kigeni. Siku alipokwangua chenga za mwisho alituita wote akasema kama hakuna dawa mwezi ule, upande wa rangi unasimama na baadhi yetu tutarudi nyumbani. Na tulikuwa na oda ya fremu za madirisha za shule moja ya Bunda.

Siku hiyo mchana tulikuwa tumekaa nje na Masatu tunakula mihogo na dagaa. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Baba yangu alikuwaga anachemsha magome ya mgunga, anatia nyavu zisioze. Pipa la kuchemshia lilikuwa la chuma. Lilikuwa jeusi tii, na halikushika kutu."

Nikaacha kutafuna.

Shuleni tulifundishwa kwamba ule ukali wa magome, tanini, ukikutana na chuma unatengeneza kitu cheusi, ndiyo wino wa zamani. Sikuwahi kufikiria kwamba kile cheusi kinaweza kukilinda chuma hicho hicho kilichokitengeneza.

Tukamwambia Wambura. Akatutazama kama watu waliopigwa na jua. Kisha akasema, "Jaribuni. Kwani kuna nini cha kupoteza?"

Kulikuwa na cha kupoteza, mtaona.

Masatu akaleta gunia la magome kutoka Kibara. Tukachemsha, kikatoka kitu kizito kama uji wa ulezi. Stoo tulikuwa na madumu machache ya tindikali ya fosforasi, nikaongeza kidogo kwa kuwa nilijua inasaidia chuma. Tukapaka matoroli sita, yakawa meusi, yanavutia. Tukatia rangi juu. Tukayauza.

Hayakumaliza mwezi. Yalirudi yote, rangi inabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha.

Wambura hakupiga kelele. Aliyapanga yale matoroli mstari mbele ya mlango wa chumba chetu, akaenda zake. Kila tukiingia kazini tunayapita. Afadhali angepiga kelele.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa tulipokosea. Uji ulikuwa mzito mno. Dawa iliyobaki juu bila kukutana na chuma ilikuwa inakauka kama vumbi, na rangi ilishika vumbi, haikushika chuma.

Tukaanza upya. Tukachuja kwa kitambaa mara mbili. Tukaifanya nyepesi kama chai. Tukaipasha moto, tukapaka mkono mmoja tu, yaani mara moja, kwa brashi, tukaacha ikauke siku nzima, halafu tukasugua kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke safi. Hapo ndipo rangi.

Nilichukua msumari nikakwaruza. Rangi ilikataa kubanduka. Masatu naye akachukua msumari, akakwaruza kwa hasira zake zote. Ikakataa.

Fremu za Bunda zilitoka kwa dawa ile.

Na mikono yangu, wakuu! Vidonda vilianza kukauka kimoja baada ya kingine. Nilikuwaga nakaa jioni navihesabu, leo vitano, wiki ijayo vitatu. Sikumbuki furaha nyingine ndogo iliyonishika kama ile. Niwe mkweli, dawa ya magome nayo ina tindikali ndani, haitaki mzaha, tulishona glovu za turubai. Lakini haikuwa inatuharibu tukiwa tunacheka.

Nisiwachoshe. Miaka ikaenda, ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Madukani vitu vikajaa ghafla, sabuni za rangi zote, mitumba, redio. Na siku moja gari la mfanyabiashara likasimama getini, likateremsha pipa.

Nililijua kabla halijafunguliwa.

Wambura alikuwa amefurahi kweli. "Nyabise! Taabu ya kuchemsha magome imekwisha. Hii unachovya, unatoa, dakika chache."

Masatu alikuwa ameshika brashi. Akaiweka chini, akasema, "Bosi, mimi mkono wangu hauingii humo."

Hakuwahi kumkatalia mtu kitu mle ndani.

Nikaona hapa watu wawili ninaowaheshimu wanakwenda kuvunjiana heshima. Nikasema, "Bosi, tupime. Tuchukue vipande vya chuma, vingine dawa nyekundu, vingine magome, vingine visitiwe kitu. Vyote rangi moja. Tuvikwaruze, tuvipige maji ya chumvi, tuone. Dawa nyekundu nitachovya mwenyewe, mara ya mwisho."

Wambura akakubali, na akaongeza lake. Aligonga alama nyuma ya kila kipande, maana ya alama akaandika kwenye karatasi akaweka mfukoni. Akasema hataki mtu yeyote apendelee, hata yeye.

Vipande vilikuwa tisa. Vilitundikwa nyumbani kwa Masatu, Kibara, mahali upepo wa ziwa unapiga moja kwa moja. Mke wake, mama mmoja mvumilivu sana, akawa anavinyunyizia maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Majirani walidhani ni dawa ya kufukuza wachawi. Alichoka kuwaeleza, akawaacha waamini.

Vuli ikapita, masika yakapita. Tukavileta karakana, tukavipanga mezani. Wambura akatoa karatasi yake.

Visivyotiwa kitu vilikuwa vimevimba, rangi imeinuka, aibu tupu.

Vya dawa nyekundu vilikuwa na mstari mwembamba wa kutu pale pale kwenye mkwaruzo.

Vya magome, viwili vilikaribia kulingana na vya dawa nyekundu. Cha tatu kutu ilikuwa imetambaa pembeni, upana wa ukucha.

"Nyekundu imeshinda," Wambura akasema.

Ningeweza kubisha. Sikubisha. "Ndiyo bosi, imeshinda."

Akavichukua, akavigeuza geuza. Kisha akamtazama Masatu.

"Dirisha likishika kutu mteja atalisugua, atapaka rangi upya," akasema. "Pua yako wewe nitaipaka nini?"

Masatu akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa analia, au ile pua ilimsumbua, sikuuliza.

Pipa lilirudi kwa mfanyabiashara bila kuguswa tena, isipokuwa zile chenga chache za majaribio. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia kuna rangi ya kijivu ya kutanguliza chini ya rangi yenyewe, ya zinki fosfeti, haina kromiamu, na sasa inapatikana. Tukaiweka juu ya dawa yetu ya magome, na ule upana wa ukucha ukapotea. Kwa hiyo ruksa nayo siisemi vibaya, ilituletea sumu na dawa kwenye gari moja.

Kuna jambo haliniachi. Maji machafu ya rangi ya chungwa tulikuwa tunayamwaga mferejini miaka yote ile, na mfereji ulikuwa unashuka ziwani. Hatukujua. Ila yalimwagwa.

Masatu alistaafu akarudi Kibara kulima pamba na mtama. Alikufa mzee wa wajukuu wengi. Mimi niliendelea na chumba kile mpaka nilipopewa ufomani, na sasa nimestaafu, nina bustani Nyegina na afya isiyonipeleka hospitali mara kwa mara.

Nilichojifunza ni hiki. Tungekuwa na pipa siku zote, mimi ningeendelea kuchovya hata baada ya kuambiwa na daktari. Kujua peke yake hakukututoa. Kilichotutoa ni kuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake, na fomani aliyekubali kupima badala ya kubishana. Ukitaka mtu aache kibaya, msaidie kutafuta cha kushika.

Vijana mnaopaka na kuchovya vyuma siku hizi, someni kilichoandikwa kwenye dumu kabla hamjatia mkono. Kikiwa lugha msiyoijua, pigeni picha mlete hapa jukwaani, wapo watakaowasomea.

Mliowahi kufanya kazi hii, njooni mseme kwenu mlitumia nini. Na mtaalamu wa kemia akiona nimeteleza mahali, anirekebishe wazi wazi, asinionee haya. Kazi hii yote niliijua kwa kukosea.