Mstari wa Mwisho wa Orodha

Ofisini walimwita Bwana Sahihi, maana kwa miaka sita aliyoandika programu za hospitali ya macho hakuwahi kukubali kosa hata moja. Akiambiwa kompyuta imekwama, huuliza kwanza nani kaigusa. Ndivyo alivyokuwa, na sina sababu ya kumsafisha.

Programu aliyojivunia zaidi ilipitia orodha ya wanaosubiri upasuaji, jina baada ya jina kwa alfabeti, ikimtumia kila mmoja ujumbe wa siku yake. Mstari wa kwanza iliuruka, kwa kuwa ni vichwa vya safu. Wa mwisho nao iliuruka, kwa kuwa mama karani aliyeiandaa orodha, mtu wa utaratibu, hakuifunga bila kuandika chini: "Mwisho." Bwana Sahihi hakujisumbua kuiagiza programu isome kwanza mstari ule una nini. Ukiwa wa mwisho unaachwa, basi.

Mama karani akastaafu. Aliyempokea hakuwa na mazoea hayo. Orodha yake iliishia kwenye jina la mtu. Miezi mitatu mfululizo jina lilikuwa lile lile, linaloanza na Z, la mama mmoja fundi cherehani mwenye presha ya jicho, maradhi yasiyosubiri. Yeye alisubiri. Aliambiwa ataitwa, akawa anashona simu ikiwa mapajani. Alipokuja kuulizia, jicho la kulia lilikuwa limezima moja kwa moja.

Bwana Sahihi alirekebisha kosa kabla chai yake haijapoa. Hilo ndilo lililomtafuna, kwamba ilikuwa kazi ndogo vile. Mkuu wake alimshauri waseme mtandao ulisumbua. Aliitikia, kisha chakula kikamshinda siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa yule mama.

Alimkuta fundi dirishani, anapapasa tundu la sindano. Akamweleza yote, hata lile la mtandao.

"Wenzangu waliitwa?" mama aliuliza.

"Wote, mama. Wewe tu ndiye niliyekuruka."

Mama hakusema amemsamehe. Alimsogezea kifuko kilichochomekwa sindano ishirini, na uzi mweusi.

"Nitilie uzi. Zote."

Alitia, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alirudia kuzikagua moja moja, na ile ya mwisho akaivuta uzi mara tatu kabla ya kumrudishia.