Mpini wa keekee usoni mwa shemeji

Bandugu, leo damu imemwagika juu ya barafu hapa Lackawanna.

Mimi na shemeji yangu Amani tulikwenda ziwani kuvua. Alikuwa anatoboa tundu la pili kwenye barafu kwa keekee ya mkono, ile ya mpini uliopindishwa pembeni ili uizungushe kwa nguvu.

Jamaa mmoja mrefu akaja anafoka, eti hapo ni pake. Akapiga teke ndoo yetu, samaki wakatawanyika.

Bon, Amani akasimama. Jamaa akamnyang'anya keekee, akamtandika mpini usoni.

Paa! Meno mawili chini.

Nikamrukia, akanitupa pembeni. Akarudi nyuma, akainua keekee ampige Amani kichwani.

Barafu ikapasuka chini ya jamaa. Akazama hadi kifuani!

"Nisaidieni!" Anatunyooshea keekee, mpini mbele.

Nikasema, "Shem, tumuache."

Amani, damu inamchuruzika mdomoni, akalala kifudifudi, akaukamata mpini.

"Nishike miguu! Vuta!"

Tukamtoa. Akabaki analia na kutetemeka, hawezi hata kututazama.

Sasa tuko nyumbani, dada yangu anamkanda mume wake uso huku anamgombeza: "Ungemuacha!"



Ninyi mngefanya nini?